Majaribio ya Rust Yanapodanganya: Dalili na Visababishi katika Msimbo Mkubwa

Mwongozo huu unawahusu watu ambao msimbo wao wa Rust (lugha ya kuandikia programu) umeshapita ukubwa wa faili chache, na sasa una kreti kadhaa (vipande vya msimbo vinavyojengwa kila kimoja kivyake), majaribio mengi na zaidi ya mtu mmoja anayeugusa kila siku. Mifano yote imejengwa juu ya programu ya kubuni ambayo yeyote aliyekulia Nakuru ataielewa bila maelezo marefu: vituo vya kukusanyia maziwa vya Molo, Njoro na Bahati hupima maziwa ya kila mkulima, rekodi husafirishwa hadi seva moja, na mwisho wa mwezi malipo hukokotolewa. Programu hiyo imegawanywa katika kreti tano ndani ya eneo moja la kazi, lile linalotangazwa kwa `[workspace]` katika `Cargo.toml` ya juu, faili ya mipangilio ya Cargo, zana inayojenga msimbo wa Rust. Kreti ya `mizani` huzungumza na kifaa cha kupimia, `rekodi` huhifadhi, `malipo` hukokotoa, `ripoti` huchapisha, na `kituo` ndiyo programu ambayo karani huifungua alfajiri kabla ya pikipiki za kwanza kufika na mitungi.

Sehemu kubwa ya shida zinazojitokeza kwenye majaribio haikuzaliwa kwenye majaribio. Imetokana na mahali ambapo mipaka ya kreti imewekwa, na mahali ambapo mambo ya nje kama saa, diski na mtandao yameruhusiwa kuingia. Ndiyo maana chini ya kila dalili ninaanza na ukaguzi wa haraka kisha ninarudi kwenye mpangilio, kwani jaribio linalorekebishwa bila mpangilio kuguswa huharibika tena muda si mrefu.

Kabla ya lolote, endesha `cargo test --workspace --no-run`. Amri hiyo hujenga programu zote za majaribio bila kuziendesha, kisha huorodhesha kila moja pamoja na faili ilikotoka. Ikiwa kreti unayoishuku haimo katika orodha, hakuna haja bado ya kusoma jaribio lenyewe.

Dalili: majaribio yote yanapita, hata ukiharibu msimbo makusudi

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu haina kelele. Ipime hivi: ingia katika `malipo`, geuza alama moja ya kujumlisha iwe ya kutoa, kisha endesha majaribio. Yakipita yote, kuna majaribio ambayo hayaendeshwi kabisa, na kazi iliyobaki ni kujua kwa nini.

Kisababishi cha kwanza ni amri yenyewe. Ikiwa `Cargo.toml` ya juu ina sehemu ya `[package]` pamoja na ile ya `[workspace]`, basi `cargo test` inayoandikwa ukiwa katika folda ya juu hushughulikia kreti hiyo ya juu peke yake, isipokuwa `default-members` imetaja vinginevyo. Kreti nyingine nne hazikuguswa. Ama uandike `--workspace` kila mara, ama uondoe `[package]` katika folda ya juu na kuihamishia programu ndani ya folda yake kama kreti nyingine zote. Mimi napendelea njia ya pili, kwa kuwa haimtegemei mtu kukumbuka jambo. Ila ukiifuata, andika `resolver` (utaratibu wa kuchagua vitegemezi, yaani kreti zinazotumiwa na kreti nyingine) waziwazi katika sehemu ya `[workspace]`, kwa maana faili ya juu isiyo na `[package]` haina edisheni (toleo la kanuni za lugha) ambayo Cargo ingeitumia kuchagua, na bila maelezo hayo inarudi kwenye utaratibu wa zamani.

Kosa linalofanana na hilo ni `cargo test malipo`. Wengi hudhani kwamba amri hiyo inachagua kreti ya `malipo`. Sivyo. Neno hilo ni kichujio cha majina ya majaribio, na jina la kreti si sehemu ya jina la jaribio. Ikiwa ndani ya `malipo` hakuna moduli wala funksheni yenye herufi hizo, utaona sifuri imepita, idadi kubwa imechujwa, na mwisho neno `ok` la kijani. Kuchagua kreti ni `-p malipo`. Jizoeze kusoma mstari wa muhtasari hadi mwisho wake, hasa nambari zilizo mbele ya `ignored` na `filtered out`, badala ya kuangalia rangi tu.

Kisababishi cha pili ni faili ambayo kompaila haijawahi kuiona. Rust haikusanyi kila faili iliyo ndani ya `src`. Hufuata matamko ya `mod` kuanzia `lib.rs` au `main.rs`, na faili ambayo haikutajwa popote huachwa nje bila onyo lolote. Hali hii hutokea zaidi pale watu wawili walipoongeza kila mmoja mstari wake wa `mod` katika `lib.rs`, matawi yakaunganishwa, na aliyesuluhisha mgongano akabakisha mstari mmoja. Kama kuna msimbo mwingine unaoitumia moduli iliyopotea, kompaila italalamika mara moja. Kama moduli hiyo ina majaribio pekee, hakuna atakayejua. Namna ya kuthibitisha ni rahisi mno: fungua `src/makato.rs` unayoishuku, andika upuuzi wowote katika mstari wa kwanza, kisha jenga. Ujenzi ukifaulu, faili hiyo haimo.

Kisababishi cha tatu kinahusu nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, na ndicho kinachowatatiza hata wazoefu. Tazama jaribio hili:

```rust
#[test]
fn mizani_inasoma_uzito() {
    let _uzi = std::thread::spawn(|| {
        let uzito = soma_uzito("ST,GS,+0018.40kg");
        assert_eq!(uzito, Gramu(18_400));
    });
}
```

Paniki (kusimama ghafla kwa kosa) inayotokea ndani ya uzi mwingine hailiangushi jaribio. Huusimamisha uzi ule tu, na taarifa yake hurudi kwa yule anayeusubiri. Hapa hakuna anayesubiri, kwa hiyo jaribio hili litapita hata `soma_uzito` ikirudisha kilo mia. Dawa ni kubadilisha `_uzi` iwe `uzi` na kumalizia kwa `uzi.join().unwrap()`. Angalia pia mahali palipoandikwa `let _ = uzi.join();`, kwa sababu anayeandika hivyo amesubiri jibu kisha akalitupa. Hata hivyo, swali la mpangilio ni hili: kwa nini kusoma mstari wa maandishi kutoka kwenye mizani kunahitaji uzi? Ikiwa kuchambua maandishi na kusikiliza waya vimechanganywa katika funksheni moja, vitenganishe. Uchambuzi ubaki funksheni isiyogusa kifaa chochote, nao utajaribiwa bila uzi wowote.

Visababishi vilivyobaki ni vyepesi. Funksheni iliyokosa `#[test]` juu yake huleta onyo kwamba haitumiki, kwa hiyo usiyazoee maonyo hadi ukaacha kuyasoma. Moduli iliyofungwa nyuma ya `#[cfg(feature = "...")]` haijengwi hadi kipengele hicho, yaani sehemu ya hiari ya kreti, kiwashwe.

Dalili: majaribio yanapita, lakini hesabu halisi zinatoka ndogo kuliko inavyostahili

Tuseme uzito unahifadhiwa kwa gramu na bei kwa senti, vyote katika `u32`, na malipo ni gramu mara senti kwa kilo, kisha kugawanya kwa 1,000. Mkulima mwenye kilo 20 kwa bei ya shilingi 45 anatoa 20,000 mara 4,500, yaani 90,000,000, na kila kitu kiko sawa. Sasa chukua kikundi kilicholeta kilo 1,200 katika mwezi. Gramu 1,200,000 mara senti 4,500 ni 5,400,000,000, ilhali `u32` hukomea 4,294,967,295. Katika ujenzi wa kawaida programu husimama kwa paniki. Katika ujenzi wa `--release`, ambao ndio uliofungwa kwenye tarakilishi ya kituo, nambari huzunguka na kuanza upya kutoka sifuri, ikibaki 1,105,032,704. Kikundi kilichostahili shilingi 54,000 kinaandikiwa shilingi 11,050 na senti 32, na hakuna kosa lolote linaloonekana kwenye kioo.

Tiba ya haraka ni kuweka `overflow-checks = true` chini ya `[profile.release]`, ili programu isimame badala ya kudanganya. Kwa hesabu za pesa sioni sababu ya kutofanya hivyo. Gharama ya kasi haitahisiwa na karani anayesubiri mtungi umiminwe. Tiba ya kudumu ni kuhamia `u64` na kutumia `checked_mul` pale ambapo nambari zinatoka nje.

Lakini kwa nini majaribio hayakuligundua? Kwa sababu data yake ilikuwa ya mkulima mmoja mwenye ng'ombe wawili, na kwa sababu kuzidisha gramu kwa senti kulikuwa kumetawanyika katika `malipo`, `ripoti` na `kituo`, kila mahali kwa namna yake. Nambari tupu zikizurura katika kreti tatu, hakuna mahali pa kuweka jaribio la mipaka. Tengeneza aina za `Gramu` na `Senti` zenye sehemu ya ndani isiyo ya umma, uziweke katika kreti ndogo ya chini kabisa, na uziruhusu zizidishwe kwa funksheni moja tu. Hapo jaribio moja lenye thamani kubwa kupindukia linalinda programu nzima. Ongeza pia `cargo test --release` kwenye seva ya majaribio, angalau kabla ya kutoa toleo jipya, kwa sababu kile unachokijaribu na kile unachokipeleka Molo vinapaswa kuwa kitu kimoja.

Dalili: jaribio linapita likiwa peke yake, linaanguka likiwa na wenzake

Cargo huziendesha programu za majaribio moja baada ya nyingine, lakini ndani ya kila programu majaribio huenda sambamba katika nyuzi za mchakato mmoja. Chochote kinachomilikiwa na mchakato mzima, basi, kinamilikiwa na majaribio yote kwa pamoja: vigeu vya mazingira, folda ya sasa, vigeu vya `static`, poti za mtandao na faili za diski.

Endesha `cargo test -- --test-threads=1`. Ikiwa shida inatoweka, umethibitisha kwamba kuna kitu kinachogombaniwa. Usiiache amri hiyo ikawa ndiyo tiba. Nimeona miradi ambayo iliifanya kuwa desturi, na baada ya mwaka hakuna tena anayejua ni jaribio gani linalogusa nini, huku kila mtu akisubiri foleni ndefu isiyo ya lazima.

Mgomvi wa kawaida ni `std::env::set_var`. Jaribio moja linaweka `KITUO=Njoro`, jingine `KITUO=Bahati`, na anayesoma mwisho hupata kilichoandikwa mwisho. Katika edisheni ya 2024, iliyokuja na Rust 1.85 mwezi Februari 2025, funksheni hiyo imekuwa `unsafe`, kwa sababu kubadilisha mazingira wakati nyuzi nyingine zinayasoma si salama katika mifumo mingi ya uendeshaji. Wapo walioiona hatua hiyo kama usumbufu. Mimi naiona kama kidole kinachoonyesha kosa la mpangilio. Kreti ya `rekodi` haina sababu ya kusoma mazingira. Vigeu visomwe mara moja ndani ya `main` ya `kituo`, viwekwe katika aina ya `Mipangilio`, na kreti nyingine zipokee aina hiyo kama hoja. Jaribio litaunda `Mipangilio` yake lenyewe na halitamgusa jirani.

Kwa faili, kila jaribio liwe na folda yake ya muda. Kwa poti, omba poti namba 0, nao mfumo wa uendeshaji utakupa iliyo wazi. Kisha uulize ni ipi uliyopewa. Kwa hifadhidata, kila jaribio liwe na hifadhidata yake au muamala ambao hurudishwa nyuma mwishoni. Zana ya cargo-nextest husaidia kwa kuwa huendesha kila jaribio katika mchakato wake, na hivyo kumaliza ugomvi wa mazingira na wa `static`. Haiwezi, hata hivyo, kutenganisha majaribio mawili yanayoandika katika jedwali moja la seva moja, na haiendeshi mifano iliyo ndani ya maelezo ya msimbo, kwa hiyo `cargo test --doc` itabaki kuwa amri ya pembeni.

Kuna aina mbili ndogo za dalili hii. Ya kwanza ni jaribio moja kuanguka, kisha kumi kufuatana nalo yakitaja `PoisonError`. Hapo soma lile la kwanza pekee. Uzi uliopaniki ukiwa umeshika `Mutex` huiacha kufuli hiyo ikiwa imetiwa alama ya sumu, na kila anayefuata akiita `lock().unwrap()` anaanguka kwa kosa lisilo lake. Ya pili ni jaribio linaloanguka mara moja moja bila mpango, likilinganisha orodha. `HashMap` ya Rust huanza na mbegu ya bahati nasibu, kwa hiyo mpangilio wa vitu vyake hubadilika kila programu inapoendeshwa upya. Ikiwa mpangilio una maana, kama ulivyo katika ripoti inayosomewa wakulima kwenye mkutano, tumia `BTreeMap`, au panga kwanza kabla ya kulinganisha.

Dalili: inapita kwenye kipakatalishi changu, inaanguka kwenye seva

Anza na saa. Seva nyingi huwekwa kwenye UTC, ilhali kipakatalishi cha Nakuru au Kisumu kiko saa tatu mbele. Chukua rekodi ya maziwa yaliyochelewa kwa sababu ya tope, yakapimwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia Machi 1. Kwa seva, wakati huo bado ni Februari, saa tatu na nusu usiku. Jaribio linalotarajia rekodi hiyo ihesabiwe katika mwezi wa Machi litapita kwako na kuanguka kule, na katika maisha halisi mkulima huyo atalipwa katika mwezi usiofaa. Kinyume chake pia kipo: msimbo unaochukua tarehe ya leo kwa saa za hapa katika `kituo`, na kwa UTC katika `malipo`, hukubaliana siku nzima isipokuwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku. Mwenye mazoea ya kufanya kazi usiku ndiye atakayeiona hitilafu hiyo, na wenzake hawatamwamini asubuhi.

Usiulize saa ndani ya hesabu. Ipokee kama hoja, au kupitia treiti ndogo (orodha ya funksheni ambazo aina huahidi kuwa nazo) ambayo jaribio linaweza kuijibu litakavyo. Majira ya eneo nayo yatajwe waziwazi. Kenya haibadilishi saa kufuata misimu, kwa hiyo tofauti isiyobadilika ya saa tatu inatosha kwa hesabu za vituo hivi.

Baada ya saa, kagua njia za faili. Cargo huendesha majaribio ya kila kreti kutoka katika folda ya kreti hiyo, na si kutoka folda ya juu, wakati ambapo `cargo run` hubaki pale uliposimama. Njia kama `data/bei.csv` itategemea nani ameita nani. Ijenge kuanzia `env!("CARGO_MANIFEST_DIR")`. Kagua pia herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, kwa sababu Windows haijali tofauti ya `Makato.rs` na `makato.rs` ilhali Linux inajali. Hifadhi `Cargo.lock` pamoja na msimbo na utumie `--locked` kwenye seva, na uweke `rust-toolchain.toml` ili kila mtu awe na kompaila ya toleo moja.

Mwisho, kuna vipengele vinavyowashwa na jirani. Unapojenga eneo zima la kazi, Cargo huunganisha vipengele vinavyoombwa na kreti zote kwa kitegemezi kimoja. Kama `ripoti` imewasha kipengele fulani, `malipo` itakitumia bila kukiomba, na kila kitu kitajengeka hadi siku utakapoijenga `malipo` peke yake. Endesha `cargo check -p` kwa kila kreti mara kwa mara.

Dalili: kompaila inasema ilitarajia `Gramu` ikapata `Gramu`

Ujumbe huu huwafanya watu wadhani kompaila imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa; kwake aina mbili zenye jina moja kutoka katika kreti zilizojengwa mara mbili ni aina mbili tofauti.

Sababu iliyo wazi ni matoleo mawili ya kitegemezi kimoja. Kwa Cargo, 0.3 na 0.4 hayapatani, kama vile 1 na 2 yasivyopatana, na yanaweza kuishi pamoja ndani ya programu moja. Amri ya `cargo tree -d` itayaonyesha, na `cargo tree -i` pamoja na jina la kreti itakuambia nani aliyeleta lipi. Andika vitegemezi vyote vya pamoja chini ya `[workspace.dependencies]`, jambo linalowezekana tangu Rust 1.64 ya mwaka 2022, na katika kila kreti uandike tu `workspace = true`.

Sababu iliyojificha zaidi ni kreti ya vifaa vya majaribio. Tuseme umetengeneza `vifaa`, kreti yenye funksheni za kuunda vipimo bandia, nayo inategemea `mizani`. Kisha katika `mizani` ukaiweka `vifaa` chini ya `[dev-dependencies]`. Cargo hukataa mzunguko wa vitegemezi vya kawaida, lakini mzunguko wa aina hii huuruhusu. Unapoendesha majaribio yaliyo ndani ya `src` ya `mizani`, kreti hiyo hujengwa mara mbili: mara moja ikiwa na `cfg(test)` kwa ajili ya majaribio, na mara nyingine bila, kwa ajili ya `vifaa`. `Gramu` inayorudishwa na `vifaa` inatoka katika nakala ya pili, na jaribio lako limo katika ya kwanza.

Njia ya mkato ni kuyahamishia majaribio hayo katika folda ya `tests`, kwa kuwa huko `mizani` hutumiwa kama maktaba ya kawaida, nakala ile ile ambayo `vifaa` inaitumia. Njia ninayoiona bora ni kuishusha `Gramu` hadi kreti ya chini isiyotegemea yeyote, ile ile iliyopendekezwa kwa ajili ya hesabu za malipo.

Dalili: funksheni ya kusaidia majaribio haionekani

Kitu kilichofungwa kwa `#[cfg(test)]` huonekana na majaribio ya ndani ya kreti hiyo hiyo tu, na hakionekani hata na folda yake ya `tests`. Kikihitajika nje, kihamishie katika kreti ya vifaa. Vilevile, funksheni zilizo katika `main.rs` haziwezi kuingizwa na faili za `tests`, zihamishie `lib.rs`, na `main` ibaki na mistari michache. Na ikiwa `tests/common.rs` inaorodheshwa kama programu yenye majaribio sifuri, ibadilishe iwe `tests/common/mod.rs`.

Dalili: kila badiliko dogo linaleta subira ndefu

Endesha `cargo build --timings` na ufungue ukurasa unaotolewa kabla ya kulaumu kompaila. Utaona kreti zipi zinasubiri nani. Mara nyingi kuna kreti moja ya chini iliyogeuzwa kapu la kila kitu, yenye tarehe, fonti, nambari za simu na makosa yote, ambayo hubadilishwa kila siku na kulazimisha kreti zote za juu zijengwe upya. Mambo ya chini yanapaswa kuwa yale yasiyobadilika. Kama `mizani` inategemea kreti nzima ili ipate funksheni moja ya kusafisha nambari za simu, mpaka umewekwa mahali pasipofaa.

Halafu hesabu faili zilizo moja kwa moja ndani ya `tests`. Kila moja ni programu kamili inayounganishwa peke yake, na kuunganisha huko ndiko kunakokula muda. Zikusanye chini ya `tests/yote/main.rs` pamoja na `mod` ya kila faili, nawe utabaki na muunganisho mmoja. Gharama yake ni kwamba shida ya faili isiyotajwa, iliyoelezwa mwanzoni, sasa inawezekana humo pia.

`build.rs`, programu ndogo inayoendeshwa kabla ya kreti kujengwa, isiyotangaza `cargo:rerun-if-changed` huendeshwa upya kila faili yoyote ya kreti hiyo inapoguswa, na ile inayotaja faili isiyokuwepo huendeshwa kila wakati. Mifano iliyo ndani ya maelezo ya msimbo ilikuwa ikijengwa kila mmoja kama programu yake; edisheni ya 2024 huikusanya pamoja inapowezekana, na kwa kreti yenye mifano mingi badiliko hilo peke yake linatosha kuhalalisha kuhama.

Ukiona `Blocking waiting for file lock on build directory`, maana yake rust-analyzer (msaidizi wa Rust ndani ya kihariri chako) na terminali yako vinagombea folda moja ya `target`. Mpangilio wa `rust-analyzer.cargo.targetDir` humpa kila mmoja folda yake. Na palipo na bando la kubana au mtandao wa kukatika, endesha `cargo fetch` ukiwa umeunganishwa, kisha ufanye kazi kwa `--offline`. Amri ya `cargo vendor` inafaa kwa tarakilishi za vituo visivyo na mtandao kabisa. Stima ikipotea katikati ya ujenzi na makosa yasiyoeleweka yakaanza kutokea, futa `target/debug/incremental` kabla ya kuanza kuutilia shaka msimbo.

Dalili: diski imejaa

Cargo haiondoi yenyewe mabaki ya zamani ndani ya `target`, na kila toleo la kompaila na kila mseto wa vipengele huacha yake. Kutenganisha folda ya rust-analyzer, kama ilivyoshauriwa hapo juu, kutaongeza mzigo huo. Futa kwa `cargo clean` baada ya kubadilisha kompaila, na ujaribu `debug = "line-tables-only"` chini ya `[profile.dev]`, ambayo hupunguza taarifa za utatuzi huku ikibakiza namba za mistari katika ripoti za paniki.